Vepu ya kimakanika: je, anayeanza kuvuta yuko salama nayo?

Ndugu wasomaji, vijana wanatuuliza kama anayeanza anaweza kutumia vepu ya kimakanika. Jibu letu ni hapana.

Vepu nyingi za kawaida zina saketi inayokata umeme panapotokea hitilafu. Ya kimakanika haina. Ukibonyeza kitufe, umeme wa betri huenda moja kwa moja kwenye koili. Hesabu yake ni volti kugawanya kwa omu: betri iliyojaa ina volti 4.2, hivyo koili ya omu 0.1 huvuta ampea 42. Betri nyingi za 18650 zimetengenezwa kwa ampea 30 au chini yake. Betri ikizidiwa, au ganda lake likichubuka na kupiga shoti, huweza kulipuka ndani ya bomba lile la chuma.

Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, nchini Marekani, mtu wa miaka 38 alifariki baada ya kifaa cha namna hii kulipuka na vipande vyake kumpenya kichwani.

Asiyejua kupima omu wala kukagua betri asikiguse kifaa hiki. Na anayejua, ujuzi wake haumwepushi na madhara ya nikotini. Nafsi ni amana: anayevuta ajitahidi kuacha, na asiyevuta asianze.

Wallahu a'lam.