Je, Wajua? Mkeka wa Yoga Ulitoka Chini ya Zulia

Yoga ni ya kale sana huko India, lakini mkeka wake usioteleza ni wa juzi tu. Mwaka 1982, mwalimu Angela Farmer alikuwa akifundisha Ujerumani alipokata kipande cha tandiko linalowekwa chini ya zulia, akaona miguu haitelezi tena. Yoga iliishi muda mrefu bila mkeka huo, kwa hiyo usikimbilie kununua wako kabla ya somo lako la kwanza. Studio nyingi huazimisha au hukodisha mikeka. Uliza kwanza.

Nenda na nguo zinazonyumbulika na tumbo lisilojaa: ziwe zimepita saa mbili au tatu tangu mlo mzito. Viatu na soksi huvuliwa.

Ukikuta matofali mepesi na mikanda, vichukue bila haya. Mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa Pune, India, ndiye aliyevieneza, ili hata mwenye mwili usionyumbulika, mzee au mgonjwa aweze kufanya mikao kwa usalama.

Zaidi ya yote, wahi kidogo umweleze mwalimu kama una mimba, shinikizo la damu au jeraha la mgongo. Tafadhali usimfiche: baadhi ya mikao haikufai, naye atakupa mingine.