Bilauri Kuukuu na Majina Yake: Ukusanyaji wa Vyombo vya Kunywea Kericho na Bomet

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wosia huo hunijia kila niingiapo katika nyumba za wakulima wa majani chai huku Kericho na Bomet. Katika kabati la sebuleni, mbele hupangwa vikombe vipya vya kaure. Nyuma yake, aghalabu chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, hubaki bilauri kuukuu mbili tatu ambazo hakuna azinyweaye tena. Makala hii inadhamiria kueleza namna ya kukusanya bilauri hizo na kutetea rai moja: anayehifadhi chombo bila jina wala kisa chake amehifadhi kioo tu.

Tuanze na mfano wa Marekani, ambako uraibu huu umeshamiri. Wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza mwaka 1929, viwanda kama vile Jeannette, Hocking na Hazel-Atlas vilifyatua kwa mashine bilauri na sahani za rangi ya waridi, kijani, kaharabu na buluu. Bei yake ilikuwa senti chache. Nyingine zilitolewa bure, zikiwa zimetiwa ndani ya pakiti za nafaka au kugawiwa watazamaji wa sinema. Vilikuwa vyombo vya makabwela. Mwaka 1970, Hazel Marie Weatherman alichapisha kitabu kilichoviainisha kwa viwanda na ruwaza zake. Leo mkusanyaji hasemi tu kwamba ana bilauri ya waridi. Husema ana Cherry Blossom ya Jeannette. Uainishaji huo ulichangia pakubwa kukigeuza chombo cha senti chache kuwa turathi.

Je, kwetu hali ikoje? Kilimo cha chai katika mashamba makubwa kilishika mizizi Kericho katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikiwa mstari wa mbele. Baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wengi walijiunga na kilimo hicho. Katika familia yetu kule Bomet, bonasi ya chai ndiyo iliyonunua mabati, ikalipa karo, na iliposalia kidogo ikanunua bilauri sita za wageni. Nyanya yangu, tuliyemwita kogo, alizipa kila moja jina. Moja ilikuwa ya mchungaji, nyingine ya wakwe. Alipofariki, nilizikuta mbili tu. Nyingine zilikuwa zimevunjika au kuchukuliwa wakati wa matanga. Nilimwuliza shangazi majina ya zile mbili, alikumbuka moja. Ya pili ipo mezani pangu ninapoandika haya, nzima kabisa, na haina jina. Nilikuwa tayari mwanafunzi wa Kiswahili wakati kogo yu hai, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo, atakaye kukusanya na aanze na macho, kisha masikio. Kwanza, aipindue bilauri na kutazama kitako. Huenda akakuta jina la kiwanda, mathalani Duralex ya Ufaransa, pamoja na nambari. Nambari hiyo ni ya kalibu, si ya mwaka. Wengi hupotoka hapo. Pili, apapase ubavu: mshono mwembamba ni ishara ya kioo kilichotengenezwa kwa kalibu. Tatu, asimimine chai ya moto katika bilauri asiyoijua. Kioo cha kawaida hutanuka upande mmoja kabla ya mwingine, kikapasuka, ilhali kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani hustahimili zaidi.

Hatimaye afungue daftari. Aandike nani alikinunua chombo, kwa fedha gani, nani alikinywea, na kiliitwaje. Neno lenyewe lina safari yake: bilauri limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni fuwele, kopo ni la Kireno, glasi ni la Kiingereza. Kando yake lipo sotet, kibuyu cha Wakipsigis cha kugandishia mursik, ambacho husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti kama senetwet. Chombo hicho kingali na majina na wenye kuyajua. Bilauri za bonasi, kwa kuwa zilitoka dukani, hatukudhani zastahili kuulizwa.

Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo mtakaribishwa chai nyumbani. Kabla ya kuondoka, ombeni kabati lifunguliwe, mwulize, na mwandike papo hapo. Bilauri yaweza kusubiri miaka mingine hamsini kabatini. Anayeijua jina hawezi.