IBAN: namba ndefu inajua nini, na haijui nini



Siye tulioko Riyadh na Jeddah, IBAN tunaiandika kila mara: kodi ya nyumba, ada ya watoto, deni la mwenzio. Tunaiona msururu wa alama tu, kumbe ndani yake mna namba nzima moja, kubwa, iliyopangwa makusudi itimize sharti moja. Hebu tuifungue.

IBAN ya Saudia ina alama 24: SA, tarakimu mbili za ukaguzi, mbili za benki, na 18 za akaunti. Tuchukue ile ya mfano iliyomo katika orodha ya kimataifa: SA03 8000 0000 6080 1016 7519. Kompyuta huipeleka SA03 mwisho, kisha herufi hugeuzwa namba: A ni 10, B ni 11, hivyo hivyo mpaka S ni 28. Tunapata:

80000000608010167519281003

Tarakimu 26. Sharti ni hili: ukiigawanya kwa 97, lazima ibaki 1. Kwa mkono, igawanye vipande vipande. 80000000 inabakisha 26. Itangulize hiyo 26 mbele ya tarakimu saba zinazofuata, inakuwa 266080101. Baki ni 80. Kisha 806751928; baki 18. Mwisho 181003, baki 1. Imepita.

Kwa nini 97? Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote za tarakimu mbili. Ukikosea tarakimu moja, namba huzidi au hupungua kwa 1 hadi 9, ikizidishwa kwa 10, 100, 1000 na kuendelea. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogawanyika kwa 97, basi baki haliwezi kubakia 1. Ukipindua tarakimu mbili, ukaandika 7591 badala ya 7519, baki linakuwa 5, na benki inakataa. Hata zikiwa mbalimbali kosa litaonekana, kwani 10, 100, 1000 na wenzao hawarudii baki lolote mpaka hatua ya 96, na namba yetu ina tarakimu 26 tu. Ukiandika ovyo ovyo, ndipo kuna nafasi kama moja katika 97 ya kupita.

Lakini hesabu haimjui mtu. Tapeli akikutumia IBAN yake kwa jina la mwenye nyumba wako, baki lake ni 1 vilevile. Kwa hiyo IBAN "mpya" ikija kwa ujumbe, mpigie mwenyewe kwa namba ya simu uliyokuwa nayo zamani, na usome jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza.

Na mkituma nyumbani, kumbukeni Tanzania na Kenya hazitumii IBAN. Kinga hii ya 97 haipo huko. Namba ya akaunti isomeni tarakimu kwa tarakimu, na mwenzenu aisome tena.

Wassalaam.