Jua Halikui Likifika Ziwani

"Mwalimu, nishauri simu ya kununua, hii yangu inadogosha jua." Nimeulizwa hivyo tena wiki hii, hapa barabara ya Mukendo, na kijana ameshaninyooshea skrini: ziwa, mtumbwi, na doa la njano mfano wa punje ya mtama. Jioni ile, anasema, jua lilikuwa kubwa kama sinia.

Simu yake haina kosa.

Watu wengi Musoma wana jibu lao tayari: maji ya ziwa yanakuza, mvuke ni lenzi. Imani hii nimeichoka. Mwezi mpevu kwetu hauchomozi ziwani. Unatokea mashariki, upande wa nchi kavu, unapanda nyuma ya miembe na mapaa ya bati, na bado watu wanaitana nje wautazame ulivyo mkubwa. Maji yako wapi hapo? Hewa nayo hufanya kinyume cha kukuza: karibu na upeo hupinda zaidi mwanga wa ukingo wa chini kuliko wa juu, jua likabonyea kama yai lililolazwa. Upana uleule, kimo kimepungua. Tena mwezi unaochomoza uko mbali nasi kuliko ukiwa utosini, kwa takribani kilomita 6,000, nusu ya unene wa dunia. Usiniamini mimi. Kunja karatasi iwe mrija mwembamba, utazame mwezi kwa jicho moja unapochomoza, kisha saa sita usiku. (Mwezi, si jua, jua litakuunguza jicho.) Miti na mapaa yakishafichwa na mrija, ukubwa ni mmoja: nusu digrii. Kucha ya kidole cha mwisho, mkono ukinyooshwa, inaufunika wote.

Anayekuza ni wewe. Ibn al-Haytham alilieleza jambo hili Cairo karibu miaka 1,000 iliyopita katika Kitab al-Manazir, jina lililo ndugu wa neno letu mandhari: ukubwa tunaouona ni hukumu ya akili, inayopima kitu kwa umbali inaoukadiria. Ndiyo akili hiyohiyo inayokataa kuamini kwamba nguzo ya umeme ya mwisho barabarani ni fupi kuliko ya kwanza. Kamera haihukumu. Mchoraji huhukumu, na Edward Saidi Tingatinga alipojaza ubao mzima kwa mnyama mmoja hakukosea vipimo; alichora nafasi ya mnyama yule machoni pake.

Sasa haraka, jua halisubiri. Usinunue simu, rudi nyuma. Mtu akisimama juu ya jiwe mita 20 kutoka kwako, jua halizidi kichwa chake. Akiwa mita 185, linalingana na kimo chake chote. Kisha vuta picha karibu, kwa lenzi ya kuvuta kama simu inayo, maana kutanua picha kwa vidole kunaichakaza. Gusa jua kwenye skrini, punguza mwanga, ngoja liwe jekundu. Au chukua penseli, ulichore kubwa kama sinia.