Usifyeke Kila Kitu: Habari ya Ntuntunu Zetu

 

Tulipopewa ploti hapa Nakivale, jembe letu halikuwa na huruma. Tulifyeka kila kitu ili tupate mahali pa mahindi na maharage. Kule pembeni, karibu na kichuguu, Bibi akatuzuia: "Hapo msiguse, wajukuu wangu." Zilikuwa ntuntunu, kama Waganda wanavyoziita, Wanyarwanda wanasema intumbaswa. Ni yale matunda madogo ya njano yanayojificha ndani ya kifuko chembamba kama karatasi. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini huku yameshakuwa ya porini.

Baba alikataa, eti ploti ni ndogo, hatuwezi kulimia ndege. Basi kichaka kikakaa hivyo hivyo. Mwaka 2023 msaada wa chakula ulipoanza kugawiwa kwa makundi ya uhitaji, fungu letu likapungua. Ndipo tukakikumbuka.

Tulipalilia. Miche iliyojiotea tukaihamisha mvua ilipoanza, hatua moja toka shina hadi shina. Matawi hulala chini, kwa hiyo tuliyaegemeza kwa vijiti, tukatandaza nyasi kavu kutunza unyevu. Mbuzi tuliwazibia njia kwa miiba.

Kosa letu hatulifichi. Mtoto wetu mdogo alikula mabichi, akatapika usiku kucha. Jamani, tunda la kijani lina sumu, na majani pia. Ngojeni kifuko kikauke na tunda liwe la njano kabisa. Likiiva hudondoka lenyewe, ndiyo maana sie tunaokota asubuhi, hatuchumi. Ndani ya kifuko chake, mahali pakavu, linakaa wiki kadhaa bila kuoza.

Watoto wanakula kwanza, maana yana vitamini A na C. Yanayobaki dada yetu anapeleka Mbarara, kwa shangazi anayekaa Nyamityobora, naye anayauza kwa kikombe. Si pesa ya kujenga nyumba. Ni ya daftari, sabuni na chumvi.

Siku hizi Bibi hawezi kuinama. Anakaa kwenye mkeka akichambua: ya kijani huku, ya njano kule. Anayemletea kikapu ni Baba.

Ndugu zetu, kabla hamjainua jembe msimu huu, muulizeni mzee wa nyumbani kile kichaka kinaitwaje.