Mmisionari kijana alishindaje kutwa?

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina treni, mashua, homa na meno ya kung'olewa.

Mkisikia neno mmisionari, najua mnachokiona: mzee wa ndevu ndefu, kitabu mkononi, anahubiri asubuhi hadi jioni. Basi mfuteni mzee huyo. William Burton, Mwingereza, alipoingia nchi ya Waluba, hapa Katanga, mwaka 1915 alikuwa na miaka 29 tu. Mwenzake James Salter alikuwa mdogo kuliko yeye. Na kuhubiri kwenyewe, wakati huo, wangehubiri kwa lugha gani? Kiluba hawakukijua.

Walikuwa wanne walipoanza safari. Treni kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilikuwa bado haijafika Bukama, basi reli ilipokwisha ikabaki miguu, wapagazi na mashua ya mto Lualaba. Mkubwa wao kwa umri, George Armstrong, alishikwa na homa akafa kabla ya kufika. Waliobaki wakaendelea mpaka Mwanza. Si ile Mwanza ya Tanzania, jamani! Ni Mwanza yetu, kaskazini-mashariki ya Kamina, upande wa Malemba-Nkulu.

Haya, kumekucha Mwanza. Mmisionari anafanya nini?

Kwanza ameze kwinini, dawa chungu inayokunja uso, maana mbu wa mabonde ya Lualaba hawana mchezo na mgeni. Halafu wagonjwa. Daktari hayupo, na mtu akiona mgeni ana sanduku la dawa, habari hutembea haraka kuliko treni. Burton alikuwa mhandisi kule Preston, si mganga, lakini kabla ya kuondoka kwao alijifunza kung'oa meno. Hebu fikirini mtu ameumwa jino wiki nzima, shavu limevimba kama embe, anakaa chini na kufumbua kinywa mbele ya mhandisi mwenye koleo. Hakuna sindano ya ganzi. Wawili wanamshika mabega. Jino likitoka, mgeni huyo ameshapata rafiki, na hajasema hata neno moja la mahubiri.

Baada ya hapo, udongo na miti. Nyumba haikumngoja mtu. Ilibidi kukata nguzo, kufunga fito, kukandika, kuezeka nyasi, na mvua ikishapita, kuziba panapovuja. Kazi hiyo wenyeji waliijua, na mhandisi akawa mwanafunzi wao. Chakula kilikuwa bukari kama chenu, na samaki walipopatikana.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuuliza. Hiki kinaitwaje? Na kile? Kiluba kina toni: sauti ikipanda pasipotakiwa, neno ni jingine kabisa, na watoto ndio wa kwanza kucheka. Burton hakuchoka kuuliza. Miaka ikaenda, akakusanya methali za Waluba, akapiga picha nyingi, akapeleka vinyago na vyombo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Binafsi naona hapo pana utata. Alikuja akitaka watu waache mizimu, na papo hapo akawa miongoni mwa walioandika kwa makini zaidi habari za mizimu hiyo. Leo mtafiti wa sanaa ya Waluba hawezi kumkwepa.

Sasa mwingine, upesi. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka kijiji cha Berlaar, Ubelgiji, alikuja Kongo mwaka 1933, na Kamina ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Alikuwa na miaka 27. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kwa miaka kama kumi aliishi kama bwana mkubwa: anafundisha, anaamuru, anasahihisha. Na mafundisho hayashiki. Ndipo akaacha kusema, akaanza kuwauliza watu wanataka nini hasa maishani. Wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo. Mwaka 1945 akatoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu, kikawaudhi baadhi ya wakubwa wa Kanisa, naye akakaa Ubelgiji kuanzia 1946 hadi 1949.

Si Waafrika wote waliokipigia makofi kitabu hicho, na hata mshairi Aimé Césaire wa Martinique alikishambulia mwaka 1950: aliona kwamba kusifu roho ya Mbantu huku unanyamazia mishahara yake na ardhi yake ni kumsaidia mkoloni. Nadhani Césaire alikuwa na haki. Hata hivyo, Tempels aliporudi Kongo, wachimba migodi wa Kolwezi na wake zao walimpenda padre huyo, wakamwita Baba Placide, na kundi lao la Jamaa likaenea Katanga nzima.

Siku hizi njia imegeuka. Mapadre wa Kikongo wanatumwa kwenye parokia za Ubelgiji, nyingine katika jimbo lile lile la Antwerpen alikozaliwa Tempels. Wanaanza na koti zito, halafu daftari la Kiholanzi, na watoto wa huko wanawacheka matamshi.