Paa la Jengo la Zamani: Lipime Kabla ya Kulipanda



Kila mwaka, mvua inapokatika na kipwa kuanza, watu wanapanda juu ya mapaa. Ndio wakati wake, kwa sababu tangu Mei mpaka Septemba fundi anaweza kufungua paa bila kuogopa mvua. Huku kwetu Likasi kazi hiyo haikosi. Mji wetu una majengo mengi ya tangu wakati ulipoitwa Jadotville, kabla ya mwaka 1966: maofisi, makanisa, masomo, na manyumba yaliyojengwa siku za Union Minière. Wengi wa Kikula ni maseremala, waashi au mafundi wa kulehemu, na siku ya mapumziko wanaitwa kusaidia. Kazi hiyo ni nzuri, nayo inaleta franka nyumbani. Lakini paa la jengo la zamani lina hatari ambazo paa jipya halina. Leo tuzieleze moja moja, pamoja na namna ya kujikinga.

Anayefanya kazi chini ya udongo ana sheria moja asiyoivunja. Hakai chini ya paa la galeri kabla ya kulipiga kwa chuma kirefu na kusikiliza. Jiwe zima linalia kwa sauti kali. Jiwe lililoachana linalia kama ngoma, na hapo anaondoka au analiangusha akiwa pahali salama. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayofaa juu ya jengo la zamani. Shida ni kwamba mtu anaiheshimu kazini, halafu siku ya Jumapili anaisahau.

JUMBA LILILOANGUKA LIKITENGENEZWA

Kisiwani Unguja, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna jumba kubwa linaloitwa Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na varanda zake pana zilibebwa na nguzo za chuma. Lilikuwa jumba la kwanza mjini kupata taa za umeme, na lilikuwa na lifti pia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga majumba ya sultani yaliyokuwa jirani, lakini lenyewe likabaki limesimama. Baadaye likawa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2000 UNESCO iliandika Mji Mkongwe wote katika orodha ya urithi wa dunia.

Jumba hilo lilistahimili mizinga, lakini miaka ya unyevu, chumvi ya bahari na upungufu wa matengenezo ikalichosha. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka. Baadaye kazi ya kulitengeneza ikaanza kwa msaada wa serikali ya Omani. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa, na wengine wakatolewa katika mabomoko.

Tuangalie neno hili vizuri: vifo vilitokea wakati wa matengenezo. Jengo lililochoka linaweza kusimama miaka mingi kwa sababu kila kitu ndani yake kimezoea kuegemeana. Siku mafundi wanapoingia, wanaondoa hiki, wanapakia kile, wanagonga hapa, na mizigo inahama. Kwa hiyo siku za matengenezo ndizo za kuangalia kuliko zote.

MAJI YANAVYOKULA JENGO KWA SIRI

Paa ni kofia ya jengo. Likitoboka, maji hayaharibu dari peke yake. Yanashuka ndani ya ukuta, na pale yanafanya kazi tatu tusizoziona.

Ya kwanza ni kuozesha vichwa vya boriti. Kichwa cha boriti kimefichwa ndani ya ukuta. Unyevu unakaa hapo, na mchwa wanaufuata. Ukisimama katikati ya chumba, boriti inaonekana nzima, kumbe ncha yake imekuwa unga.

Ya pili ni kutu. Chuma kinapogeuka kutu kinavimba, na kutu inaweza kuchukua nafasi mara mbili hata mara sita kuliko chuma kilichokuwapo. Chuma kilichofungwa ndani ya ukuta au ndani ya betoni kinasukuma mpaka kinapasua. Ukiona ufa unaofuata mstari wa chuma, ujue kutu iko kazini.

Ya tatu ni kulegeza udongo wa kujengea. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa. Chokaa inapumua: unyevu unaoingia unaweza kutoka tena. Mtu akiona ufa, akapaka simenti ngumu juu yake, anafunga mlango wa kutokea. Maji yanabaki ndani, na ukuta unaoza nyuma ya uso mzuri. Ndiyo maana mafundi wa majengo yanayolindwa wanarudisha chokaa kwa chokaa na mbao kwa mbao za namna ile ile.

Katika nchi yetu, ordonansi-sheria No 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni, iliweka kwamba jengo lililoandikwa katika orodha ya ulinzi halibomolewi wala haligeuzwi bila ruhusa ya serikali. Wengine wanaona ruhusa kama karatasi ya kuchelewesha kazi tu. Lakini ule muda wa kungoja ni muda wa kupima. Ukiitwa kutengeneza jengo la namna hiyo, uliza kwanza: ruhusa iko wapi, na nani amepima boriti? Ikiwa hakuna anayejua kujibu, usipande.

KIFO CHA SEKUNDE MOJA

Hatari ya haraka ni kuanguka. Mtu akianguka kutoka metre 4 anafika chini kabla ya sekunde moja kwisha, kwa mwendo wa kilometre 32 kwa saa. Hapati nafasi ya kushika kitu.

Juu ya mapaa ya zamani wengi hawaanguki pembeni, wanatumbukia katikati. Bati lililoliwa na kutu, yaani yale manjanja yetu, na kibao cha simenti kinachoitwa eternit, vyote vinaonekana vizima machoni. Eternit ya miaka 50 ni kavu na rahisi kuvunjika; haipindi kwanza kama bati, inakatika mara moja. Vioo vya kuleta mwangaza ndani ya magare ni vibaya zaidi, kwa sababu vumbi na rangi vimevifunika na havionekani tena. Kutembea juu ya mstari wa misumari hakutoshi. Mguu ukiteleza sentimetre 20 tu, uko nje ya boriti.

KIFO CHA MIAKA THELATHINI

Hatari ya pili inakuja polepole, na ndiyo inayotuhangaisha zaidi sisi wa dispanseri, kwa sababu mgonjwa hakumbuki tena siku aliyoipata.

Amianti. Ni jiwe la nyuzinyuzi. Tanzania na Kenya wanaliita asbestosi. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita viwanda vya dunia vililichanganya na simenti kutengeneza vibao vya paa, mabomba na dari. Kibao kizima, kisichoguswa, hakitoi vumbi jingi. Hatari inaanza kinapokatwa kwa msumeno, kinapovunjwa, kinapotobolewa au kusuguliwa kikiwa kikavu. Nyuzi ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Zinaingia katika mapafu na kubaki huko. Mwili hauwezi kuzitoa. Baada ya miaka 20, 30 au 40 zinaweza kuleta mapafu magumu, kansa ya mapafu, au kansa ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu. Mapafu yaliyokwisha kuwa magumu hayana dawa ya kuyarudisha. Anayevuta sigara na kuvuta amianti anazidisha sana hatari ya kansa ya mapafu. Nchi nyingi zimekataza jiwe hilo. Jirani yetu Afrika Kusini, iliyolichimba kwa wingi, ililikataza mwaka 2008.

Mchimbaji anajua silikosi. Basi aelewe hivi: mapafu ambayo yamekwisha kubeba vumbi la mgodi hayana nafasi ya kupokea vumbi la paa.

Risasi. Rangi za zamani na mabati ya mapaa mengine yana madini ya risasi. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, mafundi walikuwa wakilitengeneza. Paa na mnara wake vilikuwa na tani zaidi ya 400 za risasi. Mwisho wa Julai 2019 kazi ilisimamishwa kwa wiki kadhaa, mpaka ulinzi wa wafanyakazi upangwe vizuri: nguo za kutupa, na kuoga kila mara mtu anapotoka. Walikubali kuchelewesha jengo mashuhuri kuliko kuwaachia watu sumu. Risasi inaharibu damu, tumbo na ubongo, na inawaumiza watoto kuliko watu wazima.

Mavi ya popo. Juu ya dari za zamani yanajaa kama unga. Yakipeperuka yakiwa makavu, yanaweza kubeba kuvu inayoingia mapafuni na kuleta homa na kikohozi. Mtu anadhani ni malaria au kifua kikuu. Ukija dispanseri na kikohozi, sema kama ulifagia dari.

KWENU MAMA WA NYUMBANI

Vumbi haliishii kazini. Inajulikana katika nchi mbalimbali kwamba baadhi ya wanawake waliopata kansa ya amianti hawakuwahi kuingia kiwandani. Walikuwa wakikung'uta na kufua nguo za waume zao. Basi baba akirudi kutoka paani, nguo zisiingie chumbani. Aziache nje, aoge kabla ya kubeba mtoto. Mama aziloweshe kwanza katika maji, azifue peke yake, maji yamwagwe mbali na mboga.

Vipande vya eternit vilivyovunjika visiletwe lupangoni. Visiwe njia ya kukanyaga wakati wa matope, wala kifuniko cha shimo, wala pahali pa kunolea kisu. Watoto wasivichezee.

SHERIA KUMI ZA FUNDI WA PAA

1. Pima ukiwa chini na ndani kabla ya kupanda. Tafuta alama za maji, ufa, mchwa na dari iliyolegea.
2. Gonga kila boriti, na zaidi karibu na ukuta. Choma kichwa chake kwa bisibisi. Ikiingia kirahisi, boriti imeoza.
3. Tegemeza kwa miti imara kabla ya kuondoa kitu chochote kinachobeba. Watu wasikae chini yake.
4. Usirundike vifaa, mabati au simenti pahali pamoja juu ya paa.
5. Laza mbao pana zinazovuka boriti mbili au tatu, utembee juu yake tu. Hakikisha mbao hazitelezi.
6. Ngazi ifungwe juu. Kwa kila metre 4 za kupanda, mguu wake uwe mbali na ukuta metre 1.
7. Vaa kaske, viatu vyenye kushika, na mkanda wa usalama uliofungwa pahali imara kuliko paa lenyewe.
8. Kama hujui kibao ni cha nini, kihesabu kuwa cha amianti. Kiloweshe, fungua misumari, kishushe kizima. Usikate kwa mashini. Vaa maske ya P3. Kitambaa puani hakizuii nyuzi hizo.
9. Mavi ya popo yaloweshe kabla ya kuyaondoa. Usifagie yakiwa makavu.
10. Usipande peke yako, wala baada ya pombe, wala baada ya kazi ya usiku. Na ukilehemu juu ya mbao kavu, weka maji karibu na ulinde pahali pale saa nzima baada ya kumaliza.

MTU AKIANGUKA

Msimwinue, msimkalishe, msimpe maji. Mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Angalieni kama anapumua. Damu inayotoka, ibanye kwa kitambaa safi. Mfunikeni asishikwe na baridi, mtume mtu mbio kuita gari la wagonjwa. Akihitaji kuhamishwa, watu wanne au zaidi wamwinue pamoja juu ya ubao ulionyooka.

Hata akisimama mwenyewe na kusema «si kitu», apelekwe lopitali. Aliyegonga kichwa anaweza kuongea vizuri saa ya kwanza, kisha damu ikakusanyika ndani. Akitapika, akilala usingizi asioweza kuamshwa, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hakuna kungoja asubuhi. Na aliyechomwa na msumari wenye kutu aje dispanseri siku ile ile kwa sindano ya pepopunda.

Wandugu, majengo ya zamani ni kazi ya mikono ya babu zetu, nayo yanastahili kutunzwa. Yamengoja miaka 80 au 100. Yanaweza kungoja siku mbili za kupimwa. Kapita akisema hakuna wakati, mwonyesheni boriti iliyooza mliyoichoma kwa bisibisi, mkae chini mpaka itegemezwe.